Barua kwa binti yangu kuhusu mama aliyemzaa

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya tatu nikampa mdogo wako anisomee kwa sauti, maana macho yangu siku hizi yananidanganya. Umeniuliza: kabla ya nikaha, umtafute mama aliyekuzaa au uache? Na ukimtafuta, uanzie wapi?

Kwa nikaha yenyewe, usiwe na wasiwasi. Walii, yule msimamizi wa kuozesha, hawi mama, na kwa kuwa baba aliyekuzaa hatumjui, kadhi atakuozesha. Marehemu baba yako alilisema hilo hata hujavunja ungo. Unakumbuka alivyokuwa mkali juu ya ubini wako? Alikuwa akinisomea ile aya ya Sura Al-Ahzab, kwamba tuwaite watoto kwa baba zao, na baba asipojulikana basi hao ni ndugu zetu katika dini. Ndiyo maana ukaandikwa binti Abdallah, kwa kuwa sote ni waja wa Mungu. Mimi nilinuna mwezi mzima. Nilitaka uitwe kwa jina letu kama wenzio. Akaniambia, "Nimekupa ziwa la dada yangu, wataka nini tena?" Na kweli, masheikh wetu wanataka mtoto anyonye mara tano za kushiba ndipo undugu wa ziwa uthibitike; shangazi yako alikunyonyesha miezi minane, wewe upande huu, kaka yako upande ule. Baba yako akawa mjomba wako wa ziwa, hukuhitaji kujitanda mbele yake. Nilijivunia ziwa lile kana kwamba ni langu.

Mtoto ni amana. Nimelisema hadi mmelichoka, nami nalisema tena. Lakini amana ina mwenyewe, mwanangu. Mama yako alikuja.

Sikukwambia. Uliambiwa alijifungulia kwetu zile mvua za El Nino za 1997, kwenye chumba cha uani alichopanga na kaka yake aliyekuwa akikata mkonge, na kwamba alipomaliza arobaini akaenda kwao bara kuomba radhi, asirudi. Hiyo ni kweli hadi hapo. Mwaka 2001, baada ya alasiri, nimekaa barazani nachambua mchele, nikamwona anapanda ngazi. Amekonda, amejifunga kanga mbili zisizofanana. Hakuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Aliniuliza, "Mtoto hajambo?" Namna ile ya kuuliza ndiyo inayonichoma hadi leo, kama mtu anayeulizia mtoto wa jirani.

Nikamwambia umekwenda Tanga na shangazi yako.

Nawe ulikuwa uani, unaimba, unapika udongo kwenye vifuu. Sauti yako ilikuwa ikifika barazani. Alisikiliza. Sijui alijua au hakujua. Alitoa kwenye mfuko wa rambo viatu vya plastiki vyekundu, akaviweka juu ya ungo wangu, juu ya mchele, akaniomba maji. Alipokwisha kunywa akaaga.

Vile viatu vyekundu unavijua. Ndivyo ulivyovililia wewe, kisigino hakiingii, ukavivaa hivyo hivyo kama ndara hadi kimoja kikachukuliwa na maji pale kwenye pantoni. Nilikwambia nimevinunua dukani. Alikukisia mguu wa mtoto wa miaka miwili. Alikuacha ukiwa mchanga, angejuaje?

Usiku ule nilichukua wembe nikakwangua jina lake kwenye kadi yako ya kliniki. Karatasi ikatoboka. Nilijiambia nakulinda, mtu akija na kuondoka, akija na kuondoka, mtoto anavunjika moyo. Labda ilikuwa kweli. Lakini mtu anayelinda hakwangui usiku taa imepunguzwa.

Uanzie wapi, basi? RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, usihangaike nao, na Mahakama Kuu hatukwenda kukuasili. Walioasiliwa kisheria wana rejista yao kwa Msajili, wewe ulilelewa tu kama watoto wengi wa hapa Pangani. Anza na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kisha nenda kambi ya mkonge, uwaulize wazee, si vijana, wamkumbuke yule kaka yake. Na ukimpata mtu ukaingia shaka, vinasaba vinapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila huingii tu mlangoni. Barua ya ustawi wa jamii, ya wakili au ya mahakama hutangulia.

Jina lake ninalo. Kukwangua karatasi hakukunisahaulisha. Nimeliandika pamoja na la kijiji chao, nimelikunja ndani ya kadi yenye tundu, na bahasha nimempa mdogo wako akuletee mkononi. Uifungue au usiifungue, sitasema, ingawa ulimi unaniwasha. Nikisema nenda, utadhani nakusukuma. Nikisema usiende, nitakuwa nimekaa tena barazani na ungo wangu. Mtoto ni amana, basi, na mimi nimeikalia miaka mingi kuliko haki yangu. Au labda sivyo. Nani alikesha nawe ulipougua surua?

Ukimpata, usimwambie wewe kwamba siku ile ulikuwa uani. Nipigie simu. Nitapanda basi, nije nimwambie mwenyewe.

Mama yako