Korona ikirudi kwa jina jingine, mwanangu atadungwa na nani?

Tangu niandike hapa juu ya wagonjwa wa akili waliokatikiwa na dawa wakati wa korona, maswali hayajakoma. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nazunguka nyumba kwa nyumba huku Pwani ya Kenya. Leo nayajibu manne.

Mwanangu hudungwa sindano kila mwezi. Wakati wa kafyu alikosa miezi miwili akawa sawa, wa tatu akaharibika. Mbona hakuugua mara moja? (Mama, Likoni)

Pole sana, mama. Sindano hizo, kama flufenazini, ni dawa ya mafuta. Hukaa ndani ya msuli ikitoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anayeikosa haanguki siku hiyo, na hapo ndipo jamaa hudhani amepona. Mara nyingi kinachotangulia kuharibika ni usingizi. Ukimsikia anatembeatembea usiku, mwite muuguzi. Usingoje matusi na mawe.

Kafyu ilipoanza, tarehe 27 Machi 2020, watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Ikabidi tuwafuate. Kuna kijana nilimdunga uani, chini ya mwarobaini, mamake ameshika leso iwe pazia. Dawa ile ni nzito, haisukumwi kwa haraka. Tulihesabu pamoja polepole hadi kumi, naye akaniuliza nitarudi lini.

Kwa hivyo andika kwenye kadi jina la dawa, kipimo na tarehe ya sindano ya mwisho. Mlipuko ukizuka, piga simu kabla ya tarehe kufika. Ukiwa na kadi hiyo, hata muuguzi asiyemjua mwanao atajua pa kuanzia.

Kaka yangu aliwakimbia wahudumu waliovaa barakoa, akisema wamekuja kumchukua. Tungefanyaje?

Mtu anayeamini anawindwa, ukimjia umefunika uso umemthibitishia. Mimi husimama mbali, nateremsha barakoa, namwita kwa jina hadi anitambue, ndipo naivaa tena na kusogea.

Natumia lithiamu, dadangu klozapini, zote dawa za ugonjwa wa akili. Tukishikwa na homa au kuhara, tuendelee na dawa?

Hili naomba mlisome mara mbili. Ukiharisha au kutapika, mwili hukauka na lithiamu hupanda kwenye damu. Mikono ikianza kutetemeka sana, ukayumba au ulimi ukawa mzito, usimeze nyingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dadako naye, homa au koo likiuma, apimwe damu haraka, kwa sababu klozapini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Na akiikosa zaidi ya saa 48, asiirudie kwa kipimo kile kile. Huanzishwa upya kwa kipimo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nilizika majirani watano, bado silali. Je, nimekuwa dhaifu?

La, dada yangu. Ulibeba misiba ambayo watu hawakuruhusiwa hata kuililia pamoja. Serikali ilitaka mazishi yawe ya jamaa wasiozidi 15, matanga hakuna. Wewe ndiye uliyebaki mlangoni na kila mjane. Huzuni iliyozuiwa hivyo haiishi kwa kunyamaza. Kwetu tulianza kukutana Ijumaa, wahudumu sita, kila mmoja akimtaja aliyempoteza. Wiki ya kwanza hatukumaliza majina. Tafuta wenzako wawili tu mwanze hivyo, na usingizi ukikataa zaidi ya wiki mbili, njoo kliniki kama mgonjwa, si kama mhudumu. Utapewa kiti kama wengine.