Mbio za Shujaa na Idadi ya Mapigo

SWALI: Mhariri, mimi ndiye msimamizi wa mchezo katika kikundi chetu hapa Kisumu. Kila Jumamosi tunatandaza ramani tuliyoichora kwenye karatasi ya manila, tunawapanga mashujaa kwa vizibo vya soda na kucheza Mutants & Masterminds, toleo la tatu, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa wenye nguvu za ajabu. Juzi wezi wanne walikuwa wamesimama kwenye pembe nne za bandari, na mwenzetu ambaye shujaa wake ana mbio za ajabu akataka kuwapiga wote katika zamu moja, kwa hoja kwamba mwenye kasi ile huwafikia wote kabla hawajapepesa macho. Nilipomkatalia alikitia kizibo chake mfukoni, akaenda zake. Je, nilimwonea?

JIBU: Hukumwonea, ingawa naona ulimkatalia bila kumweleza sababu, na pengine hilo ndilo lililomuuma. Katika mchezo huo raundi ni sekunde 6, na kila zamu humpa mchezaji tendo moja kuu, kama vile kupiga, pamoja na mwendo mmoja. Mbio za kiwango cha 4 humfikisha shujaa futi 500, yaani takriban mita 150, na kila kiwango kinachoongezwa hukaribia kuuzidisha umbali huo mara mbili. Kinachokua hapo ni umbali. Idadi ya mapigo inabaki palepale.

Sababu yake ni bei, yaani pointi ambazo mchezaji hutumia kununua uwezo wa shujaa wake. Mbio hugharimu pointi 1 tu kwa kila kiwango, ilhali anayetaka kuwapiga maadui wengi kwa mkupuo hununua uwezo huo peke yake, na kwa bei ya juu zaidi. Ukimruhusu mkimbiaji apige wanne bure, unamdhulumu yule aliyekaa ng'ambo ya meza ambaye alitoa pointi zake kwa ajili ya jambo hilohilo. Hata Champions, mchezo wa mwaka 1981 uliojengwa kwa namna tofauti kabisa, hutenganisha mambo hayo: tarakimu moja husema shujaa atatenda mara ngapi katika sekunde 12, na umbali wa kukimbia hununuliwa kando.

Hata hivyo, hoja ya mwenzako ina uzito, maana shujaa wa namna hiyo hupendwa kwa sababu ya mambo kama hayo, na kanuni zenyewe zimemwachia mlango. Anaweza kujikaza kupita kiasi, akazigeuza mbio zake kwa muda mfupi kuwa pigo la kuzunguka eneo zima, mradi gharama ya pigo hilo isizidi gharama ya mbio alizonazo. Baada ya hapo shujaa huchoka, na uchovu huo humpunguzia mwendo. Kwa mbio za kiwango cha 4 pigo litakuwa dhaifu, nalo litawafikia wezi waliosogeleana tu, si waliotawanyika bandari nzima. Mweleze haya kabla hamjatandaza ramani, kisha mwachie yeye aamue kama wezi hao wanastahili uchovu huo.