Jibu: Kezilahabi anawagawa watu kwa nini?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu hawapatani juu ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, na uanze na kitabu kipi. Mimi ni wa Mombasa, na barazani kwetu Kibokoni jina hilo likitajwa kahawa hupoa vikombeni.

Wazee ugomvi wao naye ni wa ushairi. Huu ni mji wa Muyaka, mshairi wetu wa zamani wa vina na mizani. Ukiwaletea "Kichomi" (1974), mashairi yasiyo na vina wala mizani, watakuuliza hayo ni mashairi au ni barua. Hapo niko nao nusunusu.

Kwa riwaya yake "Rosa Mistika" (1971) siko nao kabisa. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, aliniambia kitabu kile hakiingii nyumba yenye wasichana. Hata kwao Tanzania kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Lakini kisome taratibu. Anayeanza kumharibu Rosa ni Zakaria, baba yake mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anaondoka nyumbani hajazoea hata kuzungumza na mwanamume, kisha tunashangaa yaliyompata! Matusi yako wapi hapo? (Mwisho wake, wallahi, naona mwandishi alimwonea.)

Wengine hulalamika kwamba "Nagona" (1990) haieleweki. Kweli, mimi niliirudia mara tatu. Usianzie hapo. Anza na Rosa, halafu "Kichwamaji" (1974), na hicho ukisome mchana.