Swali la lugha: Je, pweza ni samaki?

SWALI: Mwalimu, mwanangu yuko gredi ya 6. Katika insha yake ya Kiswahili aliandika: "Baba alirudi kutoka baharini na samaki wa kila aina: changu, tafi, pweza, ngisi na kamba." Mwalimu wake akayapigia mstari mwekundu majina matatu ya mwisho, akaandika pembeni: hawa si samaki. Babake ni mvuvi, baharini ndiko alikokulia, na hataki kusikia maneno hayo. Anasema akimpelekea mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, pweza, hajawahi kuambiwa kwamba leo hakuleta samaki. Nani ana haki? Na nguva na nyangumi je? Halafu mtoto kaja na kitabu kimeandikwa "ngeli ya mamalia". Ngeli si zile za A-WA na KI-VI? Mama mtu, Likoni.

JIBU: Dada yangu, mumeo ana haki, lakini asianze kumcheka mwalimu, maana swali hili limewahi kuwashinda watu wakubwa kuliko sisi.

Tuanze na neno lenyewe. Samaki tumelitoa kwenye Kiarabu, nalo limekaa kwetu hata limesahau kwao. Kamusi za zamani zimehifadhi neno jingine la Kibantu, nswi, ambalo sokoni leo hulisikii. Sasa, samaki kwa Mswahili ana maana mbili, na hapo ndipo ugomvi wa nyumba yenu ulipoanzia. Kuna maana pana: kitoweo kitokacho baharini. Mgeni akiulizwa atakula nyama, kuku au samaki, akajibu samaki, kisha akapakuliwa ngisi wa nazi, hatasema amedanganywa. Soko la samaki ni soko la samaki ijapokuwa juu ya meza pana kaa, kamba na pweza. Na kuna maana finyu: mwenye mapezi, matamvua na miba. Nikikutuma uniletee samaki wa kupaka, ukarudi na pweza, nitakuuliza: samaki yuko wapi? Na wewe hutanibishia.

Mswahili huhama kutoka maana moja hadi nyingine bila kujijua. Mtoto aliposema "samaki wa kila aina" alikuwa katika ile pana, na sentensi yake haina kosa. Mwalimu aliisoma kwa ile finyu, tena si ile ya jikoni bali ile ya kitabu cha sayansi. Najua wapo wanaoshauri badala yake iandikwe "vyakula vya baharini". Hilo ni neno la hoteli. Sijamwona mvuvi wa Likoni anayeshuka kwenye ngalawa na vyakula vya baharini.

Mnyama naye yuko vivyo hivyo. Tunasema "wanyama na ndege" kana kwamba hawa kunguru wanaotuibia mandazi hapa Mombasa si wanyama. Kwa mwanazuolojia, kunguru ni mnyama, nge ni mnyama, pweza ni mnyama, na mimi na wewe pia. Kwa Mswahili, kumwita mtu mnyama ni kutafuta kesi. Na mdudu ndio kabisa. Siafu, buibui, tandu, hata vile vijidudu vya homa visivyoonekana, wote tumewatia kapu moja, ilhali mtaalamu ukimwonyesha buibui mwenye miguu 8 atakwambia si wa kundi la mende mwenye miguu 6.

Mwalimu, basi, alikuwa akitazama nini? Alitazama miili. Pweza hana mfupa hata mmoja. Kitu kigumu mwilini mwake ni mdomo, unaofanana na wa kasuku, uliofichika katikati ya mikono 8. Ndiyo maana akapenya kwenye tundu la mwamba ambalo ukilitazama huamini. Ana mioyo 3: miwili husukuma damu kwenye matamvua, na wa tatu huipeleka mwilini. Damu yenyewe ni ya buluu, kwa sababu hubeba hewa kwa shaba, wakati yetu hubeba kwa chuma. Yeye na ngisi ni moluska, ukoo mmoja na chaza, kome, na hata konokono anayetembea ukutani masika. Kamba na kaa nao ni kundi jingine: gamba lao la nje ndilo linalofanya kazi ya mifupa, na miguu yao imeungwa kwa vipingili. Kiukoo kamba yuko karibu na mende kuliko alivyo karibu na changu. Mama karanga asiambiwe.

Nyangumi ana kisa chake. Carl Linnaeus, yule Msweden aliyetuachia desturi ya kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili, katika matoleo ya mwanzo ya Systema Naturae aliwahesabu nyangumi kuwa samaki. Aliwahamishia kwa wanyonyeshao katika toleo la 10, mwaka 1758. Miaka 60 baadaye, mwaka 1818, mjini New York, mfanyabiashara mmoja aligoma kulipa ada ya ukaguzi wa mafuta ya samaki, akisema mapipa yake yana mafuta ya nyangumi, na nyangumi si samaki. Mtaalamu Samuel Mitchill alisimama mahakamani akaeleza mambo ya mapafu na maziwa. Wazee wa baraza wakamsikiliza, kisha wakaamua kwamba mafuta ya nyangumi ni mafuta ya samaki na ada ilipwe. Mumeo angekuwa miongoni mwao, kesi ingekwisha mapema zaidi.

Ila kimaumbile Mitchill ndiye aliyekuwa sahihi. Mtazame pomboo anapoipita mashua kule Shimoni, ambaye ni wa kundi hilo hilo la nyangumi: mkia wake umelala, naye huupiga juu na chini. Mkia wa nguru au jodari umesimama, na hupigwa kushoto na kulia. Pomboo huja juu kuvuta pumzi kwa tundu la utosini, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Jamaa wa nyangumi aliye karibu zaidi kati ya wanyama waliopo leo ni kiboko. Mwaka 2001 yalielezwa masalio ya mifupa kutoka Pakistan, ya nyangumi wa kale waliokuwa bado na miguu, na mfupa wa kifundo ukakutwa ni wa umbo lile lile la mbuzi na ng'ombe.

Nguva nampenda zaidi, labda kwa sababu neno lake limeponzwa. Ukimtajia mtoto wa leo nguva, anamwona mwanamke mwenye mkia wa samaki na nywele ndefu. Nguva wa kweli ni mnyama mnene, mpole, anayechunga nyasi za bahari kama ng'ombe. Kitaalamu anaitwa Dugong dugon, na anapatikana kuanzia pwani yetu hii ya Afrika Mashariki hadi Australia na visiwa vya Vanuatu, ingawa kwetu amekuwa adimu mno. Jamaa zake wa nchi kavu si pomboo wala sili, ni tembo na pimbi. Chuchu za nguva ziko karibu na kwapa. Za tembo nazo ziko kifuani, kati ya miguu ya mbele, si nyuma kama za ng'ombe. Katika ukoo huo mpana yumo pia sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye ukimwona utaapa ni panya. Wataalamu wa Ulaya walimwita kwa muda mrefu kwa jina la kirukanjia, kijinyama kinachofanana na panya; siku hizi wengi wameona heri waazime kwetu Waafrika jina la Kibantu, wanamwita sengi.

(Nimeandika "anapatikana kuanzia... hadi". Vitabu husema "mtawanyiko wa nguva", vingine "uenezi". Si makosa. Lakini kama unaweza kusema mnyama anapatikana wapi, sema anapatikana wapi.)

Hapo mwalimu ameanza kutabasamu. Angoje kidogo. Mwaka 1938, huko East London, Afrika Kusini, mhifadhi wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer aliona katika shehena ya samaki mmoja mkubwa wa kibuluu asiyemfahamu. Alikuwa silikanti, ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria. Alipovuliwa mwingine Komoro, mwaka 1952, wataalamu walishangilia, Wakomoro wakashangaa kinachoshangiliwa: wao walikwisha kumjua, jina lake gombesa. Mwaka 2001 mmoja alinaswa karibu na Malindi, na miaka michache baadaye wakapatikana wengi pwani ya Tanga.

Mapezi ya silikanti yana mifupa na misuli ndani yake, mithili ya mkono mfupi. Ukimpanga kwa nasaba, yeye yuko karibu zaidi na kasa, kunguru, mbuzi na mimi kuliko alivyo karibu na changu, sembuse papa na taa, ambao mwili wao umejengwa kwa gegedu, ule mfupa mlaini. Maana yake ni nini? Ni kwamba "samaki" si ukoo. Ukitaka kundi moja la nasaba litakalowakusanya papa, changu na silikanti, itakubidi ututie na sisi ndani. Wataalamu wa uainishaji wanalijua hilo, na bado wanasema samaki kama tunavyosema sisi, kwa kuwa ni neno la manufaa. Kwa hiyo anayemkataza mtoto asimwite pweza samaki kwa jina la sayansi, sayansi yenyewe haijamkabidhi fimbo hiyo. Mtihani wa sayansi ni mlango mwingine. Huko mtoto aandike pweza ni moluska, nyangumi na nguva ni mamalia, achukue alama zake aende.

Sasa ngeli. Vitabu vya Kiswahili vya uainishaji vina ngazi yake: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Ngeli ya mamalia, ngeli ya ndege, ngeli ya watambaazi. Wanaisimu hulihusisha neno ngeli na Kihaya, ambako maana yake ni aina, na kwa hiyo wanabiolojia hawakuwaibia wanasarufi; wote wamechota kisima kimoja. Spishi watu huilalamikia kuwa ni uzungu mtupu, wakitaka tuseme "aina". Mimi siafiki. Changu tunayemwita changu ni spishi kadhaa ndani ya kikapu kimoja, na aina kwa muuza samaki yaweza kuwa ya ukubwa au ya bei. Kinyume chake, pono dume na jike hutofautiana rangi kiasi kwamba wataalamu wa zamani waliwapa majina kama spishi mbilimbili. Panahitajika neno lisilo na kazi nyingine.

Ajabu ni kwamba ngeli za sarufi zina zuolojia yake, tena rahisi kuliko ya Linnaeus: kiumbe akiwa na uhai, mweke A-WA. Kiboko ana ki-, lakini ameoga, hakikuoga. Vipepeo wamepita. Na uhai ukishamtoka hatumvui cheo. "Samaki mmoja akioza huoza wote": kaoza, bado ni a-, bado ni wote. Huko bara nasikia "samaki hii tamu", na masikio yananiuma.

Hata wanasayansi wameteleza hapo. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walimpa jina mnyama wa kale mla nyama, ambaye mifupa yake ilikaa miaka mingi katika droo ya makumbusho Nairobi: Simbakubwa kutokaafrika. Nilifurahi kuona Kiswahili kitupu katika jina la kitaalamu. Kisha nikajiuliza ile m- ya "simba mkubwa" imekwenda wapi. Labda watajitetea kwamba ni ukubwa, simba kubwa hilo, na kwa mnyama wa kadiri ile nitawakubalia. Jambo jingine ni kwamba hakuwa simba, wala si wa ukoo wa paka.

Kwa sisi wa pwani A-WA ina kazi nyingine, maana bahari imejaa majina pacha. Taa huyu ni wa kukaanga, taa hii ni ya kuwasha. Kaa huyu anakimbia ubavu, kaa hili linaunguza. Kamba huyu wa kupika, kamba hii ya kufungia ngalawa. Kwa hiyo hebu irudie ile insha, dada, usome sentensi inayofuata. Kama mtoto ameandika "kamba walikuwa wakubwa", mrudishie mwalimu daftari kwa heshima umwombe alama zake tatu. Kama ameandika "kamba zilikuwa kubwa", basi babake alirudi na kamba za nanga, na wino mwekundu hapo ulikuwa wa haki.