Tano na Tatu: kwa wadogo zangu mnaoanza DNA

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na nyie wa kidato cha tano mliopangiwa PCB au CBG (michepuo ya sayansi yenye baiolojia) mkoani kwetu, mkifika mada ya DNA, molekuli inayobeba urithi, mtakuta desa, yale maandishi ya kupitishana, linawasubiri. Nalijua desa hilo. Limetolewa kopi juu ya kopi mpaka mishale imefifia, majina ya enzaimu yamepangwa kwa namba, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu: "hili halikosi UE." Kweli halikosi kwenye mtihani huo wa chuo. Ila maksi nyingi ziko kwenye ile mishale iliyofifia.

Nimekuwa nikifundisha mada hii na kusahihisha karatasi zake. Anayeangukia sapu (mtihani wa marudio) hapa mara nyingi majina yote anayo kichwani: helikeizi, praimezi, ligeizi, anayataja bila kusita. Anachokosa ni mwelekeo: uzi wa DNA unasomwa kutoka upande gani na unarefuka kuelekea wapi. Kwa hiyo kabla hujameza jina lolote, elewa 5' na 3'.

Nyukliotidi moja, yaani kiungo kimoja cha uzi, ina sukari, fosfeti na besi (A, T, G au C). Sukari ya DNA ni deoksiribosi. Ina kaboni tano, na kila kaboni ina namba yake. Fosfeti imeshika kaboni namba 5. Kwenye kaboni namba 3 kuna kikundi cha OH, na hapo ndipo nyukliotidi inayofuata hunasa. Hivyo uzi mzima una ncha mbili zisizofanana, moja ya 5' na nyingine ya 3'. Nyuzi mbili za DNA zimelala pamoja lakini kila mmoja unaelekea kwake, kama barabara ya Dodoma na Morogoro ilivyo na upande wa kwenda na upande wa kurudi kwenye lami ileile. Uzi wa juu ukianzia kushoto na 5', wa chini hapo kushoto ni 3'.

Chora mwenyewe. Kutazama picha ya kitabu hakutoshi, maana picha ikifunguliwa kila kitu kinaonekana rahisi. Chora pentagoni tatu juu na tatu chini, za chini ukizipindua kichwa chini miguu juu, weka namba kwenye kaboni, unganisha fosfeti, kisha panga besi katikati: A na T kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C kwa vitatu. Utafuta sana kwa raba. Lakini ukishafika mwisho bila kuchungulia, sehemu ngumu ya mada umeivuka.

Hesabu ya besi ni maksi za bure. Ukiambiwa adenini ni asilimia 30, thaimini ni 30, zinazobaki 40 guanini na saitosini wanagawana nusu kwa nusu. Angalia tu kama swali linazungumzia DNA ya nyuzi mbili. Wakikupa RNA (ndugu wa DNA, yenye U penye T) ya uzi mmoja, kanuni hiyo ya Chargaff, A sawa na T na G sawa na C, haikuhusu, na watunga mitihani wanapenda sana kukuchomekea hapo.

Historia ipitie haraka, ila kwa usahihi. Watson na Crick hawakugundua DNA. Friedrich Miescher aliitenga mwaka 1869. Wao walitoa muundo wake mwaka 1953, wakisaidiwa pakubwa na picha ya eksirei iliyopigwa mwaka 1952 na Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling. Nobel ya 1962 wakapewa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Franklin alikuwa amefariki mwaka 1958. Mimi nikisahihisha insha isiyomtaja huwa nanuna kidogo, nakiri.

Sasa urudufishaji, yaani DNA kunakiliwa. Kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote unayatoa mwenyewe: polimereizi ya DNA, enzaimu inayojenga uzi mpya, huongeza nyukliotidi kwenye ncha ya 3' tu, na haiwezi kuanza kwenye utupu. Fikiria. Kama haiwezi kuanza yenyewe, lazima pawe na wa kuianzishia, ndiyo maana praimezi huweka kipande kifupi cha RNA. Kama uzi unarefuka upande wa 3' tu, na nyuzi mbili zinaelekea kinyume, basi helikeizi ikifungua njia kwa kuzitenganisha nyuzi, uzi mpya mmoja utakwenda mfululizo, na mwingine utalazimika kujengwa vipande vipande kwa kurudi nyuma. Hivyo ndivyo vipande vya Okazaki. Kama kuna vipande, lazima awepo wa kuviunga, naye ni ligeizi. Umeona? Hakuna ulichokariri, na zile enzaimu za kwenye desa zimejipanga zenyewe.

Swali linalopendwa na wenye udadisi: kwa nini pawe na sehemu nyingi za kuanzia? Piga hesabu. Jenomu ya binadamu, yaani seti nzima ya DNA yake, ina jozi za besi kama bilioni 3.2, na polimereizi yetu huenda kwa nyukliotidi kama 50 kwa sekunde. Ikianzia sehemu moja na kwenda peke yake, itamaliza baada ya miaka kama miwili. Seli hufanya kazi hiyo ndani ya saa nane hivi, kwa sababu inaanzia maelfu ya sehemu kwa mpigo. Jibu la namna hii, lenye hesabu ndani yake, msahihishaji halipiti juu juu.

Kwamba kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya kulithibitishwa na Meselson na Stahl mwaka 1958 kwa bakteria waliolishwa naitrojeni nzito. Jaribio hilo lisome kwa kuchora matokeo ya kizazi cha kwanza na cha pili. Cha kwanza kinaondoa nadharia kwamba DNA ya zamani hubaki nzima; cha pili ndicho kinachotofautisha mbili zilizobaki (uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya, au vipande vilivyochanganyika), na ndicho kinachoulizwa.

Kwa anayetaka kuona urudufishaji ukifanya kazi nje ya kitabu, aende Hombolo, hapa Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Mkulima hapandi mbegu. Anakata kipandikizi kwenye mzabibu uliozaa vizuri na kukiotesha. Mizabibu ya aina ya Makutupora Red iliyosambaa huku imepatikana kwa vipandikizi, na seli zake zimekuwa zikinakili DNA ileile msimu hadi msimu.

Ila zabibu hizohizo msizitumie kwenye jaribio la kutoa DNA jikoni. Kila mwaka kuna kikundi kinataka kutumia zabibu kwa sababu ndizo za kwetu, halafu kinaambulia maji ya rangi. Zina sukari na tanini nyingi, zinasumbua. Chukua ndizi mbivu sokoni Majengo, iponde na maji ya chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, chuja, kisha mimina spiriti baridi polepole pembeni mwa glasi. Spiriti ya kusafishia vidonda yenye maji mengi haitoi matokeo mazuri. Tafuta iliyo kali, na iwe imelala kwenye friza. Utaona nyuzi nyeupe zinazonata zikipanda. Mle kuna DNA pamoja na RNA na protini zilizobaki, kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba umeona hesi mbili, ule umbo la nyuzi mbili zilizosokotana. Andika kwa nini sabuni (inavunja utando wa mafuta wa seli) na kwa nini spiriti (DNA haiyeyuki ndani yake). Maksi ziko hapo.

Tuje kwenye protini, na hapa nataka tufanye kazi pamoja. Tutumie jeni ya beta-globini (sehemu ya himoglobini), ile inayohusika na selimundu. Uzi kiolezo, ule unaonakiliwa kuwa RNA, unaanza hivi, ukisomwa kutoka 3':

3'-TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC-5'

RNA mjumbe, nakala inayopeleka ujumbe wa jeni kwenye ujenzi wa protini, inajengwa kutoka 5' kwenda 3', ikilala kinyume na kiolezo, na penye A inaweka U:

5'-AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG-3'

Soma kodoni moja moja (herufi tatu tatu, kila moja ikiita asidi amino moja, kijenzi cha protini) kwa jedwali: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki. Sasa badilisha herufi moja tu kwenye kiolezo: CTC ya kwanza iwe CAC. Kodoni inakuwa GUG, na ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, inaweka valini mahali pa asidi glutamiki. Hiyo tu. Valini haipendi maji, himoglobini zisizo na oksijeni zinaanza kushikamana, chembe nyekundu ya damu inapinda mfano wa mundu. Vernon Ingram alionyesha badiliko hilo la asidi amino moja katika miaka ya 1956 na 1957. Kabla yake, mwaka 1954, Anthony Allison alikuwa ameonyesha kwa tafiti za Afrika Mashariki kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imedumu katika damu zetu.

Sasa mtego. Kitabu kinasema badiliko liko kwenye asidi amino ya sita. Wewe ukihesabu hapo juu unapata ya saba, unadhani umekosea, unafuta jibu sahihi. Hujakosea: methionini ya mwanzo hukatwa baada ya protini kuanza kujengwa, hivyo hesabu ya zamani inaanzia kwenye valini.

Mtego wa pili uko kwenye swali lenyewe. Wakati mwingine wanakupa uzi kiolezo, wakati mwingine wanakupa ule mwenzake, ambao unafanana na RNA isipokuwa T na U. Soma maelezo mara mbili kabla ya kugusa kalamu. Na antikodoni, herufi tatu za tRNA (RNA inayoleta asidi amino) zinazoshika kodoni, nayo inalala kinyume: kodoni AUG inapokelewa na 3'-UAC-5', ambayo ukiiandika kwa utaratibu wa kawaida wa kuanzia 5' ni CAU. Wengi huandika UAC bila alama za ncha. Hapo msahihishaji anabaki kukisia unamaanisha nini, na mimi huwa sikisii.

Jedwali la kodoni 64 usilikariri, utapewa. Kariri AUG ya kuanzia na tatu za kusimamisha: UAA, UAG, UGA. Muda uliookoa upeleke kwenye sehemu za ribosomu, A, P na E, uone tRNA inaingilia wapi na kutokea wapi.

Mtakaoishia maabara, kumbukeni kwamba huku 5' na 3' zinagharimu hela. Vipimo vya PCR (vinavyozidisha kipande cha DNA mara nyingi), pamoja na mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu hospitalini, vinategemea praima mbili, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, zinazoelekeana. Ya kwanza haisumbui, unanakili mwanzo wa kipande unachokitaka. Ya pili ndiyo inayowaliza wageni. Tuseme kipande chako kinaishia na 5'-GAGGAGAAGTCTGCC-3', mfano mfupi tu, maana praima halisi huwa na herufi 18 hadi 25. Praima ya kurudi ni 5'-GGCAGACTTCTCCTC-3'. Mgeni anaandika CTCCTCTTCAGACGG, yaani amebadilisha herufi lakini hajageuza upande, fomu inatumwa, hela inalipwa, mzigo unasubiriwa, na siku ya kuendesha jeli, inayoonyesha vipande vya DNA kama mistari, hakuna hata mstari mmoja isipokuwa ya kipimio. Kabla hujatuma oda, mpe mwenzako fomu na kipande chako, aiandike praima upya bila kuona ya kwako, kisha mlinganishe.