Binti anayecheza dansi na kukataa chakula: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, pole sana. Umesema binti yako wa miaka 15 anarudi mazoezini amenuna, usiku anasingizia ameshiba, na unataka kumtoa kundini. Mimi nafundisha vijana dansi na ngoma hapa Dar. Nakuomba usimtoe kwanza.

Anza na mwili. Muulize taratibu kama anaona siku zake. Msichana anayefanya mazoezi makali huku hali chakula cha kutosha, hedhi inaweza kukata na mifupa ikadhoofika hadi kupata nyufa. Ikipita miezi mitatu bila hedhi, hospitali, na daktari aambiwe mapema kwamba anacheza na anajinyima.

Halafu uliza anaongea na nani. Makundi mengi mwalimu ndiye kila kitu: anafundisha, anapanga nani akae mbele, anashika nauli, na bado anataka mtoto amfungulie moyo. Nani atamwambia "nauchukia mwili wangu" mtu anayempangia nafasi jukwaani? Kwetu anakuja mshauri nasaha asiyehusika na kupanga wachezaji. Anayoambiwa hatuambii, labda mtoto awe hatarini. Anakaa mkekani nyuma ya ukumbi, anawasaidia watoto kufunga njuga, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Kijana mmoja, nyumbani waliita dansi uhuni, kundini wakamtania kiuno cha kike. Akawa hajui awe nani, wapi. Yule dada mshauri hakumpa hotuba, alimuuliza tu: ukiacha kucheza, unapenda nini? Alikaa kimya sana, kisha akasema kupiga ngoma. Alipoteguka kifundo cha mguu hakupotea kama wengine wanavyopotea. Alihamia kwenye ngoma ya msondo mpaka akapona. Swali lile naliheshimu mpaka leo.

Sisi walimu nasi tuna sheria: tunasahihisha mguu, hatusemi umbo. "Umenenepa" ni mwiko. Siku nyingine vioo tunavifunika kwa khanga.

Kwa hiyo nenda kundini, uulize mtoto akielemewa anamwendea nani asiye mwalimu wake. Wakikucheka, mtoe.

Akitamka kujidhuru, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Simu ya mtoto ni 116, bure.

Leo usimhoji mbele ya sahani. Msuke nywele, muongee hapo.