Kerneli mpya, crash imegoma kufungua vmcore

SWALI: Shikamoo fundi. Nahudumia seva ya Ubuntu 20.04 kwenye ofisi ya mizigo hapa Chumbageni, Tanga. Juzi ilijiwasha upya yenyewe, kdump (huduma inayookoa nakala ya RAM kerneli, yaani kiini cha Linux, inapoanguka) ikahifadhi nakala hiyo kwenye faili la vmcore. Nikiifungua kwa crash 7.2.8, programu ya kuchunguza vmcore, inagoma: "invalid structure member offset: task_struct_state". Kabla ya kuhamia kerneli 5.15 crash hiyohiyo ilikuwa inafanya kazi. Faili limeharibika? Pia naandika skripti zangu za drgn, zana ya kuchunguza kerneli kwa Python.

JIBU: Marahaba. Usilifute. Ujumbe huo hauonyeshi faili bovu, unaonyesha crash iliyoachwa nyuma na kerneli.

Crash haiiulizi kerneli kitu. Inapekua RAM iliyonakiliwa, ikitafuta vitu kwa majina yake na mahali vilipokaa. Programu za kawaida zimeahidiwa kwamba milango yao ya kuingilia kerneli haitavunjwa, lakini mpangilio wa ndani hauna ahadi hiyo. Chukulia barabara zetu za namba kule Ngamiani: leo Barabara ya 12 ikipewa jina jingine, hakuna nyumba iliyohama, ila bodaboda anayetazama vibao atakuzungusha mpaka jioni. Ndicho kilichotokea kwenye kerneli 5.14, mwaka 2021: kijina state ndani ya task_struct (rekodi ya kerneli kwa kila kazi inayoendeshwa) kiligeuzwa kuwa __state. Mwaka uliotangulia, 5.10 ilikuja na ghala jipya la ujumbe wa printk (njia ya kerneli ya kuandika log yake), na crash za zamani zikashindwa kusoma log.

Kwa hiyo chukua msimbo wa crash, toleo la 8 kwenda juu, uujenge mwenyewe kwa make. Uwe na bando la kutosha, maana make hushusha pia msimbo wa gdb, kitatuzi ambacho crash hukitumia ndani yake. Utahitaji na vmlinux (faili la kerneli yenyewe) yenye alama za utatuzi, inayolingana na toleo la kerneli iliyoanguka, lile linaloonyeshwa na uname -r, herufi kwa herufi, inayokaribiana haifai. Mimi huishusha siku ileile ninayoweka kerneli mpya, kwa sababu ni faili kubwa na siku ya msiba hakuna mwenye subira.

Umesema unaandika na skripti zako za drgn. Vizuri, Python inasomeka kuliko makro za gdb. Ila nimeona mafundi wengi wakiandika "kama toleo ni 5.14 au zaidi, tumia __state". Hapo wanajitegea. Wasambazaji wa Linux kama Red Hat hurudisha mabadiliko mapya kwenye kerneli zenye namba za zamani, kwa hiyo namba inaweza kukudanganya. Uliza kijina chenyewe kama kipo. Drgn ina has_member kwa kazi hiyo. Skripti ya namna hiyo huishi miaka.

Kisha jaribu mtego wenyewe, yaani kdump, kabla haujahitajika. Angalia /sys/kernel/kexec_crash_loaded, ikisoma 0, kdump haiko tayari. Ikisoma 1, subiri ofisi ifungwe, piga sync, halafu ukiwa root andika c kwenye /proc/sysrq-trigger. Seva itaanguka palepale, ndiyo maana nimesema ofisi ifungwe. Ikirudi, fungua vmcore mpya kwa crash mpya, upige bt (inaonyesha kerneli ilikuwa ikifanya nini ilipoanguka) na log (ujumbe wake).

Jambo moja dogo: ukiomba msaada, tuma matokeo ya amri hizo mbili, usitume vmcore yenyewe. Ndani yake mnaweza kuwa na nywila na karatasi za wateja wenu.